Sauti ya Mzee Ovadi

Hamisi tulimzika Jumanne, baada ya swala ya adhuhuri, katika makaburi ya Ujiji. Mimi ni katekista, na kwa miaka mingi nimesimama makaburini nikiongoza sala za watu wangu. Kwa Hamisi nilisimama nyuma ya safu nikiwa kimya, na nilimshukuru Mungu kwa hilo, maana siku hiyo sikuwa na maneno. Tuliporudi nyumbani kwake tuliketi barazani kwenye mikeka, sisi tuliozeeka pamoja, tukaletewa wali na maharage, tukala bila kutazamana. Ndipo mmoja wetu, fundi baiskeli, akaweka chini kijiko na kusema, "Padri, hebu tutolee sauti ya Ovadi kidogo. Marehemu angefurahi." Hakuna aniitaye Padri siku hizi isipokuwa wale. Wengine wakaanza kutabasamu kabla sijafungua mdomo, wanaume wenye mvi, mmoja tayari anafuta macho kwa kicheko na kwa kilio. Nikasema siwezi. "Dini imemkaba," fundi baiskeli akawaambia, na wakaniacha. Haikuwa dini. Baadaye Shabani, mtoto mkubwa wa Hamisi, akachuchumaa karibu yangu na simu yake mkononi. "Shikamoo Mzee. Unajua bado yupo? Wametoa toleo jipya la ile gemu mwaka huu, na wamemrudisha. Bado mkali vilevile." Akanionyesha. Ziwa jeusi, gati la mbao, taa moja, na yule mzee mfupi mwenye ndevu zilizofungwa kamba, akiwa ameipa dunia kisogo. Nilirudisha simu upesi, kama mtu aliyeshika sufuria ya moto.

Mwaka ninaotaka kuusimulia ulianza niliporudishwa kutoka seminari. Sababu zake nimeziungama mahali pake na hazina kazi hapa. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, sanduku la bati, na Kiingereza cha mapadri ambacho hakikumfaa mtu yeyote ufukweni Ujiji. Siku ya kwanza nilikaa juu ya sanduku langu karibu na boti zilizopinduliwa, nikimtazama mzee mmoja akisukuma pamba kwenye nyufa za mbao kwa kisu butu, kisha akipaka mawese juu yake. Hakuniangalia. Baada ya muda mrefu akasema, "Yewe sha, kama una miguu una mikono. Shika hii." Akanirushia bonge la pamba. Huyo alikuwa Mzee Nyandwi, Mrundi aliyevuka ziwa wakati wa vita, na sha kwao ni neno la kumwita kijana uliyemzoea. Jioni ile sikuwa na pa kwenda, naye hakuniuliza. Alinionyesha tu kona.

Chumba chake kilikuwa cha matofali mabichi, nyuma ya mahali pa kutengenezea boti. Kilinuka mawese na moshi wa kuni. Ukutani palikuwa na msalaba alioutengeneza kwa misumari miwili ya boti, na kwenye boriti juu ya vichwa vyetu ulining'inia mkeka mpya, umekunjwa na kufungwa ndani ya nailoni. Nililala kwenye udongo mtupu kwa wiki ya kwanza, mvua inanyesha, na mkeka uko juu yangu. Nilipothubutu kuuomba alinifokea hadi majirani wakanyamaza. "Huo una mwenyewe! Wewe padri usiye na kanisa, lala chini kama Bwana wetu!" Kesho yake alininunulia mkeka mwingine, akanitupia mlangoni kana kwamba nimemkosea kwa kuwa na mgongo. Mwenye mkeka wa nailoni alikuwa bintiye, Consolata. Walipotezana usiku wa kukimbia, yeye akiwa na miaka kumi na minne. Tangu hapo mzee alikuwa amepeleka maneno ng'ambo kwa kila mtu mwenye chombo: akionekana msichana wa jina hilo, aambiwe baba yake anaziba boti Ujiji, ufukweni, hataondoka hapo mpaka mtoto amfikie. Siku za soko alikwenda Katonga kwa miguu, akasimama kati ya vichanja vya dagaa, akiuliza kila boti iliyofika. Akirudi hakuulizwa kitu. Kurudi kwake peke yake ndiko kulikuwa jibu.

Miaka ile wakimbizi walitakiwa kukaa kambini. Mzee hakuwa na karatasi ya kumruhusu kukaa mjini, na alijilinda kwa njia moja tu, nayo ni kutojulikana. Hakwenda kwenye harusi, hakugombea chochote, hata kanisani alikaa karibu na mlango na kutoka kabla ya matangazo. Watu wachache waliomjua walimjua kwa kazi yake. Mimi nilikuwa mmoja wa hao wachache, nilikula chakula chake, na ni mimi niliyemfanya ajulikane Ujiji nzima.

Hamisi alikuwa na chumba cha gemu kwenye mtaa unaoshuka ziwani. Televisheni ya inchi kumi na nne, mashine moja, pedi mbili za kuchezea zilizofungwa kwa utepe wa umeme, na mabenchi ya kukalia vijana kumi, ingawa walikaa ishirini. Kulikuwa na gemu za mpira na za kupigana, lakini iliyowashika wote ilikuwa moja ya safari na mapanga na mazimwi, yenye matoleo kadhaa, na ndani yake watu walikuwa wakizungumza kwa maandishi ya Kiingereza. Hakuna aliyeelewa waliambiwa waende wapi. Hamisi alikuwa amekwama mwezi mzima kwenye gati la ziwa jeusi, mbele ya mzee wa kivuko, aliponikuta dukani nikisoma gazeti lililofungiwa sukari. "We bwana unajua Kizungu? Njoo uniokoe na huyu babu." Nikaenda. Kuanzia siku hiyo kazi yangu ya mchana ilikuwa kukaa kando ya televisheni na kuwasemea watu wa gemu kwa Kiswahili, kama wale wanaotafsiri filamu kwenye mabanda ya video: binti mfalme kwa sauti nyembamba, zimwi kwa sauti ya kooni. Nao, kwa kuwa nilitoka seminari, wakaniita Padri.

Yule mzee wa kivuko aliandikwa Orvad, vijana wakamwita Ovadi. Hakuwa shujaa wala adui. Alikuwa wa pembeni tu, lakini alikuwamo katika kila toleo, na hukuweza kwenda popote bila yeye. Kila ulipofika alikupa mgongo, na neno lake la kwanza lilikuwa lilelile: umechelewa. Kisha alikutukana. Alitukana viatu vyako, farasi wako, wazazi wako waliokulea vibaya. Ilibidi umwendee mara tatu ndipo akuvushe. Na waliomtengeneza walimpa tabia moja ya kuudhi kuliko zote: ukibonyeza kitufe kabla hajamaliza kusema, alianza upya tangu mwanzo. Basi vijana ishirini wa Ujiji, waliokuwa hawamsubiri mtu yeyote duniani, walijifunza kumsubiri Ovadi amalize.

Hapo ndipo kosa langu lilipoingia, na nitalieleza taratibu kwa sababu nimelifikiria taratibu. Maneno ya Ovadi hayakuwa matusi matupu. Baada ya matusi yalifuata maandishi mengine, marefu, ya chini chini, mzee akijisemea huku anafungua kamba: kwamba aliambiwa angoje hapa, kwamba kila hatua anayoisikia kwenye mbao anadhani ndiyo. Siku ya kwanza nilianza kuyatafsiri na chumba kikapoa. "Aa, Padri, sasa unahubiri," Hamisi akasema. "Turudishie babu mkali!" Nami sikutaka kupoteza kicheko kile. Nilikuwa nimetoka mahali ambapo hakuna aliyenitaka. Lakini maandishi yale yalikuwa hayarukiki, yalikaa kwenye kioo kwa muda wake, na nilihitaji kitu cha kusema hadi yaishe. Nikachukua kilichokuwa karibu. Nikasema, "Yewe sha! Kama una miguu una mikono!" Nikaendelea kwa lafudhi yake, na ile namna yake ya kuvuta pumzi puani kabla ya kufoka, na "Oya, oya, oya" yake ya mtu anayekataa huku mkono unatoa. Vijana walianguka kutoka kwenye mabenchi. Baada ya hapo sikutafsiri tena hata mstari mmoja wa yale ya chini chini. Kila Ovadi alipoanza kuomboleza, mimi nilimfunika kwa Mzee Nyandwi.

Miezi minne ilipita hivyo. Asubuhi niliziba boti, mchana nilimwiga aliyenifundisha kuziba. Jioni tulikula pamoja, ugali wa muhogo na dagaa waliopikwa kwa mawese na pilipili, sufuria moja kati yetu, na yeye akisogeza dagaa upande wangu huku akinilaumu kwamba nakula kama nzige. Nilijua nafanya jambo baya kwa sababu sikuwahi kumsimulia. Lakini habari ilimfikia. Jioni moja akaniuliza, bila kuinua macho, "Wanasema kuna mzee kwenye televisheni ya Hamisi. Anafanya kazi gani?"

"Anavusha watu, Mzee. Ziwani."

"Ego, haya. Anadai nini?"

"Hadai kitu. Anagomba tu."

"Anagomba kwa nini?"

Nilikuwa nimesoma jibu mara thelathini. Nikasema, "Gemu haisemi."

Akachovya tonge. Kisha akasema, "Anasubiri mtu, huyo." Akaniongezea mchuzi.

Siku chache baadaye alikuja kuniita. Boti ya mtu ilikuwa inaingiza maji, akahitaji mikono. Alisimama kwenye mlango wa Hamisi, jua likiwa nyuma yake, mfupi, amefunga kiuno kwa kamba, akavuta pumzi puani na kusema, "Yewe sha, umechelewa!" Vijana wakamkodolea macho kama vile mtu ametoka ndani ya kioo. Kisha chumba kikalipuka. "Ovadi! Ovadi mwenyewe!" Walimzunguka, wakamgusa nguo. "Tuvushe, Mzee Ovadi!" Aligeuka akanitazama, si kwa hasira. Hasira ya uso wake nilishaizoea. Alinitazama kama mtu anayeangalia mbao na kuona ufa pale alipodhani pamezibwa. Halafu akawafokea, na kila neno alilofoka lilikuwa moja ya yale niliyowafundisha, nao wakalisema pamoja naye hadi mwisho.

Tangu siku hiyo hakupata utulivu. Walimfuata ufukweni, walikuja kutoka mitaa mingine na hata kutoka Gungu kumsikiliza akigomba, wakamchokoza ili agombe. Mama wauza dagaa wakaanza kumwita Ovadi bila kujua maana. Niliwaomba waache. Hamisi naye aliwaomba, maana hakuwa na roho mbaya, lakini kitu kikishakuwa cha kuchekesha hakina mwenyewe. Wiki ya tatu walikuja watu wawili wa ofisi ya serikali, wastaarabu, wakitaka tu kumwona huyo mzee maarufu. Mmoja alicheka kama wengine. Kisha akauliza, "Mzee, kwenu wapi?" na "Karatasi zako ziko wapi?" Kesho yake asubuhi likaja gari la kumpeleka kambini.

Alipewa muda wa kufunga vitu. Alichukua kisu chake, shuka na msalaba wa misumari. Mkeka wa nailoni aliuacha kwenye boriti. Nilikuwa nimepiga magoti mlangoni, nataka kuomba msamaha, naye akanipita kama kizingiti. Alipokuwa amepanda ndipo akasema, "Wewe." Hakusema sha. "Ulisema una dini. Usiondoke hapa. Akija, akukute." Gari likaondoka. Maneno ya msamaha nilibaki nayo mdomoni, na yako humo hadi leo.

Nilikaa. Niliziba boti vibaya, nikaenda Katonga siku za soko, nikauliza alivyouliza yeye. Nilikataa kwenda kwa Hamisi kwa miezi mitatu. Ningependa kuandika kwamba sikurudi, lakini nilirudi. Lilifika toleo la tatu la gemu ile, Hamisi akaja mwenyewe, akakaa juu ya boti iliyopinduliwa, akasema, "Padri, ndugu yangu, hawaelewi kitu. Mara moja tu." Nilikuwa mpweke, na nilichoka kuwa mtu mbaya peke yangu. Nikaenda. Niliahidi moyoni kwamba nitamsemea kila mtu isipokuwa Ovadi, au nikimsemea nitatafsiri tu. Alipotokea gatini na kutupa mgongo, vijana wote wakanigeukia wakisubiri. Nikavuta pumzi puani. "Yewe sha, umechelewa!"

Kicheko kilikuwa hakijaisha pale mlango uliposukumwa. Alisimama mwanamke kijana mwenye kanga iliyolowa chini na mfuko wa plastiki mkononi, anahema kama mtu aliyekuja mbio. Aliangalia nyuso zetu moja moja, benchi la mbele, benchi la nyuma, hadi kwenye kona ambapo hapakuwa na mtu. Akasema kwa Kiswahili cha kujitafutia, "Baba yuko wapi? Nimemsikia." Akaingia hatua moja. "Nimemsikia sasa hivi, hapa. Ni sauti ya baba." Hamisi aliweka pedi chini. Kwenye kioo Ovadi alikuwa anaendelea na maneno yake ya chini chini, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyemfunika. Nikasimama. Nikasema, "Wewe ni Consolata." Kisha ilinibidi nimweleze, mbele ya wote, sauti ile ilikuwa ya nani.

Alishuka Katonga asubuhi ile na kuelekezwa Ujiji, na pale ufukweni alikuta chumba kimefungwa. Alikuwa amekata tamaa, anapanda mtaa kurudi alikotoka. Nimehubiri miaka mingi kuhusu maongozi ya Mungu, na hili sijawahi kulitolea mfano kanisani. Kama ningetimiza ahadi yangu mchana ule, angepita. Sijui nifanye nini na jambo hilo ila kumshukuru Mungu na kuona haya, vyote pamoja.

Kesho yake tulipanda gari Mwandiga, yeye na mimi na Hamisi, aliyefunga chumba chake siku hiyo bila kuulizwa. Consolata alibeba mkeka, bado uko ndani ya nailoni. Kambini tulitumwa huku na huku hadi alasiri, mpaka tukampata mama mmoja aliyekaa jirani naye. Alituangalia, akaangalia mkeka, akashika kichwa. Alisema mzee alikuwa ametoka siku sita zilizopita, kwa miguu, kabla ya watu kuamka. Alikuwa mgonjwa wa kifua. Aliacha neno moja: kule ufukweni amemwacha mtu asiyemwamini, na mtoto wake akija atakuta hakuna mtu. Basi alikuwa njiani kurudi wakati sisi tunakwenda. Tulirudi tukisimamisha gari kila penye watu, tukauliza kwenye zahanati, misikiti, parokia, kwa wakata kuni. Tuliuliza mwezi mzima. Alionekana siku ya pili akinywa maji kwenye kisima cha shule moja, akimgombeza mwalimu kuhusu kamba ya ndoo. Baada ya kisima hicho hakuna aliyemwona.

Consolata alilala kwenye mkeka ule mwaka mzima, ufukweni, akisubiri alipokuwa anasubiriwa. Mimi nilihamia kwa Hamisi, ambaye hakuiwasha tena gemu ile hadi alipouza mashine. Mwaka uliofuata nilikwenda kuomba kazi ya kufundisha dini, na paroko aliponiuliza nimejifunza nini tangu niondoke seminari, nilisema nimejifunza kumwacha mtu amalize kusema. Akadhani ni unyenyekevu.

Consolata aliolewa Mwandiga, ana wajukuu sasa. Kila mwaka, karibu na siku ile tuliyokwenda kambini, huja kwangu na unga wa muhogo. Tunakula, tunasali kwa ajili ya mzee, kwa wafu au kwa walio hai, hatujui tuchague lipi. Kisha, kabla hajajifunga kanga ya kuondokea, husema, "Haya, Mwalimu." Nami huvuta pumzi puani na kumgombeza kwa sauti ya baba yake. Ni yeye tu ninayemfanyia, ndiyo maana barazani kwa Hamisi nilikataa. Miaka ya mwanzo alikuwa akinisahihisha: hapana, hapo anapandisha, hapana, neno hilo baba alikuwa analirudia. Alicheka, akalia, akaenda zake.

Mwaka huu alikuja wiki moja baada ya mazishi. Nilimsimulia kuhusu simu ya Shabani, na kwamba niliiomba tena siku ya tatu, nikasoma maneno yote ya Ovadi bila kubonyeza kitu hadi mwisho, yale ya chini chini pia, na kwamba bado yuko gatini, bado hajafika anayemngoja. Alisikiliza. Kisha akasema, "Haya, Mwalimu." Nikamgombeza kwa kuchelewa, kwa viatu vyake, kwa kula kama nzige. Safari hii hakunisahihisha popote, nami nikapata hofu. Nilipomaliza nikamuuliza kama bado ni mzee yule, kama nimemshika vizuri.

Akaifunga kanga yake polepole. "Sijui, Mwalimu," akasema. "Sauti ya baba siikumbuki tena. Nakumbuka yako."